Takwimu Zinazotembea: Namna Kundi la Wanafunzi Linavyoweza Kuieleza Kata kwa Video ya Infografiki

Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji hubeba habari nyingi zenye manufaa kwa mkazi: mapato na matumizi, tarehe za chanjo, michango iliyokusanywa na kazi iliyofanywa. Hata hivyo, jedwali lenye safu kumi za tarakimu si kila mtu hulisoma kwa wepesi. Mmoja amesahau miwani nyumbani, mwingine anawahi sokoni na mkungu wake wa ndizi, na wa tatu husoma tarakimu zote bila kufahamu zinamtaka afanye nini. Takwimu zipo, lakini hazijamfikia mlengwa.

Video ya infografiki ni njia mojawapo ya kuziba pengo hilo. Infografiki ni mchoro unaounganisha takwimu, picha na maneno machache ili jambo moja lieleweke kwa kutazama. Mchoro huo ukipewa mwendo, yaani nguzo za chati zikawa zinapanda, ndoo ikawa inajaa na sauti ikawa inaeleza, unakuwa video fupi ya dakika moja au mbili. Kazi hiyo inawafaa sana wanafunzi wa sekondari wanaofanya mradi wa kikundi, kwa sababu inadai hesabu, uandishi, uchoraji, matumizi ya kompyuta na ustahimilivu wa kufanya kazi na wenzao. Tena inaendana na mwelekeo wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inayosisitiza elimu ya ujuzi, na ambayo mitaala yake iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024.

Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa mfano unaowahusu wakazi wa Kata ya Ikuti na Wilaya ya Rungwe kwa jumla: maji na kingo za mito.

Njia yenye historia

Kueleza takwimu kwa mchoro si jambo geni. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Alama hizo zilisongamana kulizunguka bomba moja la maji lililokuwa Broad Street. Mpini wa bomba hilo uliondolewa, ingawa wakati huo ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua wenyewe. Ramani ile ilisaidia kuonyesha kwamba kipindupindu husafiri na maji machafu, katika zama ambazo wengi waliamini kuwa husafiri na hewa mbaya.

Takwimu zenye mwendo nazo zilipata umaarufu kupitia daktari wa Uswidi, Hans Rosling, aliyewahi kufanya kazi Nacala, Msumbiji, kuanzia mwaka 1979. Katika mhadhara wake wa mwaka 2006 alionyesha nchi za dunia kama viputo vinavyosogea kwenye chati mwaka baada ya mwaka, na wasikilizaji wasio wataalamu wakaona namna umri wa kuishi na idadi ya watoto katika familia vilivyobadilika.

Hapa nchini, shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka uliofuata kipindi chake cha katuni cha Ubongo Kids kikaanza kuonekana kwenye televisheni, kikifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo. Kazi hiyo imethibitisha kwamba katuni si mchezo wa watoto tu wala si bidhaa ya kuletwa kutoka nje. Mtanzania anaweza kuchora, kusimulia na kufundisha kwa lugha yake.

Kuchagua swali moja

Makundi mengi hukwama mwanzoni kwa sababu huchagua mada pana mno. "Maji katika Wilaya ya Rungwe" ni mada ya kitabu, haitoshei katika sekunde 90. Kundi linapaswa kuchagua swali moja ambalo mkazi anaweza kuliuliza kwa kinywa chake. Kwa mfano: "Mita 60 kutoka ukingo wa mto ni wapi hasa?"

Swali hilo lina uzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, pamoja na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wakazi wengi wamelisikia agizo hilo mikutanoni, lakini wachache wamewahi kuzipima mita hizo kwa miguu yao. Mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 75 hukamilisha mita 60 kwa hatua 80. Video inayomwonyesha mtu akitoka ukingoni na kuhesabu hatua hizo moja baada ya nyingine humpa mtazamaji kipimo anachoweza kurudi nacho shambani.

Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito yake, ukiwamo Kiwira, hupeleka maji Ziwa Nyasa. Wingi huo wa mvua ndio unaowafanya baadhi ya watu waone kuwa hifadhi ya kingo ni habari ya mikoa mikavu. Kundi litakaloliweka wazi jambo hili litakuwa limeifanyia kata huduma ya kweli.

Kukusanya takwimu zinazoaminika

Takwimu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuziomba kwa wenye dhamana: Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa idadi ya watu na kaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mvua, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, kwa huduma ya maji vijijini, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi zake Tukuyu, kwa habari za mito. Barua iliyosainiwa na mkuu wa shule, ikieleza kinachotafutwa na sababu yake, huwarahisishia maofisa kujibu.

Njia ya pili ni kupima wenyewe. Kipimo cha mtiririko wa bomba hakihitaji mtambo. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha. Ikiwa ndoo inajaa kwa sekunde 40, bomba linatoa lita 30 kwa dakika. Ikiwa inajaa kwa sekunde 80, linatoa lita 15. Kipimo kirudiwe mara tatu kwa siku tofauti, saa ileile, na wastani uandikwe pamoja na tarehe na mahali.

Tuseme kundi limepima mwezi Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, likapata lita 30 kwa dakika, kisha likapima bomba lilelile mwezi Septemba, wakati wa kiangazi, likapata lita 15. Maji yamepungua kwa nusu. Hapa ndipo penye mtego. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Kilimo cha kandokando ya mto kimepunguza maji kwa nusu." Vipimo vyake havisemi hivyo. Maji yanaweza kupungua kwa sababu ya kiangazi chenyewe, kwa sababu ya bomba kuvuja njiani, au kwa sababu watumiaji wameongezeka. Kilichothibitishwa ni kwamba bomba hilo, katika siku zilizopimwa, lilitoa maji nusu ya yale ya Aprili. Sababu ni swali jingine, nalo linawahitaji wataalamu wa bonde.

Tofauti hiyo si ubishi wa darasani. Mkulima aliyerithi shamba la migomba karibu na kijito anaweza kunyooshewa kidole na kijiji kizima kwa sababu ya sentensi moja isiyo na ushahidi. Mita 60 atatakiwa kuziheshimu kwa kuwa sheria inasema hivyo. Lakini kumtwisha lawama ya ukame ambao hakuna aliyeupima chanzo chake ni dhuluma, na video huieneza dhuluma hiyo upesi kuliko mdomo.

Picha isiyodanganya

Takwimu sahihi inaweza kugeuka uongo ikichorwa vibaya. Makosa mawili hutokea mara nyingi.

La kwanza ni kuchora umbo kwa kupunguza au kuongeza urefu na upana kwa pamoja. Kundi linalotaka kuonyesha kwamba maji yamepungua kwa nusu linaweza kuchora ndoo mbili, ya pili ikiwa na nusu ya urefu na nusu ya upana wa ile ya kwanza. Jicho halipimi urefu peke yake. Hupima eneo lote, na eneo la ndoo ile ndogo ni robo tu ya kubwa. Mtazamaji ataondoka akiamini kuwa robo tatu ya maji imetoweka. Njia salama ni kuchora ndoo mbili zenye ukubwa uleule, moja ikiwa imejaa na nyingine ikiwa na maji hadi katikati.

Kosa la pili ni kukata mguu wa chati. Nguzo za chati zinapaswa kuanzia sifuri. Zikianzia 14, nguzo ya lita 15 itaonekana kisiki na ile ya lita 30 itaonekana mnara, ilhali moja ni nusu ya nyingine.

Tarakimu kubwa nazo zahitaji kupunguzwa makali. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Katika ripoti tarakimu zote zina mahali pake, lakini kwenye video "milioni 61.7" yatosha, na msimulizi asome hivyo hivyo. Rangi zichaguliwe kwa uangalifu, kwani wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo kila rangi iambatane na neno au alama.

Andiko kwanza, kompyuta baadaye

Kabla ya mashine kuwashwa, kundi liandike maneno ya msimulizi. Msomaji mtulivu hutumia takriban maneno 100 kwa dakika, hivyo video ya sekunde 90 ina nafasi ya maneno kama 150. Kipimo cha uhakika ni kusoma andiko kwa sauti huku mwenzake akitazama saa. Likizidi muda, sentensi zipunguzwe. Kumharakisha msimulizi si dawa.

Mpangilio mzuri una sehemu nne: swali, takwimu, maana yake, na jambo moja ambalo mtazamaji anaweza kulifanya. Katika mfano wa mita 60, jambo hilo laweza kuwa kuzihesabu hatua 80 kutoka ukingoni na kufika ofisi ya kijiji kuomba ushauri endapo shamba limo ndani ya eneo hilo.

Baada ya andiko, karatasi igawanywe katika visanduku nane au kumi. Katika kila kisanduku huchorwa picha itakayoonekana, na chini yake huandikwa maneno yatakayosikika. Mchoro wa penseli wenye watu wa vijiti unatosha. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani na isomwe na mtu asiyekuwa katika kundi. Akishindwa kuelewa, kosa hugundulika likiwa bado ni la penseli na kifutio, wala si la siku tatu za kompyuta.

Kuzipa picha mwendo

Mwendo katika video ni udanganyifu wa jicho: picha nyingi zinazotofautiana kidogo hupita upesi, na ubongo ukaziunganisha. Televisheni zetu huonyesha picha 25 kwa sekunde, lakini katuni rahisi hueleweka hata kwa picha 12. Maana yake ni kwamba sekunde 90 zingehitaji picha 1,080 kama kila moja ingechorwa upya. Hakuna kundi la shule linalopaswa kujitwisha mzigo huo, na zipo njia tatu za kuupunguza.

Njia ya kwanza ni vipande vya karatasi. Wanafunzi hukata maumbo ya mto, mgomba, mtu na ndoo, huyapanga mezani, na kuyapiga picha kwa simu iliyofungwa mahali pamoja huku wakiyasogeza kidogo kidogo. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kifaa kiwe cha mwalimu na kazi ifanyike chini ya usimamizi wake. Mwanga uwe wa aina moja muda wote. Wingu likipita dirishani, video itamemeteka.

Njia ya pili ni programu ya mawasilisho, kama PowerPoint, ambayo ina uwezo wa kusogeza, kukuza na kufichua maumbo, kisha kuhifadhi wasilisho lote kama video. Kwa shule yenye kompyuta chache hii ndiyo njia nyepesi zaidi.

Njia ya tatu ni programu huria zisizolipiwa, kama Inkscape kwa uchoraji na Blender kwa kuzipa picha mwendo. Blender ni ngumu kwa anayeanza, lakini bei yake haimzuii mtu yeyote: filamu ya katuni ya Flow kutoka Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo.

Njia yoyote itakayotumika, mwendo uwe na sababu. Nguzo ipande kwa sababu kiasi kimepanda. Maneno yanayoruka na kuzunguka bila maana humchosha mtazamaji na kumpotezea takwimu yenyewe. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, na nakala iwekwe kwenye kifaa kingine, kwani umeme ukikatika hausubiri mtu amalize.

Sauti na lugha

Mtazamaji husamehe mchoro duni kuliko sauti isiyosikika. Sauti irekodiwe katika chumba kidogo chenye mapazia au nguo, mbali na bati linalopigwa na mvua. Msimulizi atumie Kiswahili fasaha na chepesi. Kundi linaweza pia kutoa nakala ya pili kwa Kinyakyusa kwa ajili ya wazee, picha zikibaki zilezile na sauti ikabadilishwa. Maneno muhimu yaandikwe pia kwenye picha, ili asiyesikia vizuri naye apate ujumbe.

Kugawana kazi na kugawana haki

Kundi la watu watano au sita linatosha. Mmoja husimamia takwimu, wa pili huandika, wa tatu na wa nne huchora na kusogeza picha, wa tano hushughulikia sauti, na wa sita huratibu ratiba na kuhakiki. Mgawanyo huu usigeuke kuta: kila mmoja aweze kueleza takwimu zilipatikanaje, hata kama kazi yake ilikuwa kukata karatasi.

Malalamiko ya miradi ya vikundi yanajulikana kila shule: wawili hufanya kazi, sita hupata alama. Tiba yake ni daftari la kazi linaloandikwa kila siku, likionyesha nani alifanya nini na kwa muda gani, na mwalimu kumuuliza kila mwanafunzi swali lake peke yake kabla ya kutoa alama. Daftari hilo pia huwalinda wasichana dhidi ya desturi ya kupewa kazi ya kuandika kwa mwandiko mzuri huku kompyuta ikishikwa na wavulana siku zote.

Heshima kwa majirani na kwa kazi za wengine

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe na kutumiwa kwa njia halali. Katuni ina faida hapa, kwa kuwa inaeleza jambo bila kuonyesha uso wa mtu. Lakini kijijini watu hufahamiana hata kwa paa. Nyumba ya katuni yenye bati la buluu, mparachichi mlangoni na kijito nyuma inaweza kutambuliwa na kila mtazamaji. Kundi lichore shamba lisilo la mtu yeyote.

Muziki na picha za kupakua intaneti zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Ni bora kundi lipige ngoma yake, liimbe wimbo wake na kuchora michoro yake. Mwishoni mwa video yaandikwe majina ya ofisi zilizotoa takwimu na mwezi ambao vipimo vilifanyika.

Kuipeleka video kwa wananchi

Video iliyokamilika haina budi kuwa nyepesi ili iweze kutumwa kwa simu. Ikihifadhiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, sekunde 90 huwa na takriban megabaiti 11, kiasi ambacho wengi wanaweza kukipokea bila kumaliza bando. Kabla ya kusambazwa, ionyeshwe kwa mwalimu wa somo na kwa mtaalamu anayehusika, kama ni ya maji au ya mazingira. Kisha ionyeshwe kwa watu wachache wasiojua habari zake, nao waulizwe swali moja: "Umeelewa nini?" Wakisema jambo ambalo kundi halikulikusudia, video irekebishwe.

Mahali pake hasa ni mkutano wa kijiji, kwa ruhusa ya Ofisa Mtendaji, ambapo wananchi wanaweza kuuliza na wahusika wakajibu. Hapo mzee atakayesimama na kusema kwamba bomba lile hupungua kila kiangazi tangu lilipojengwa hatakuwa anaharibu mradi wa wanafunzi. Atakuwa ameuongezea kipimo ambacho ndoo na saa havikuweza kukipata, na mwandishi wa kundi anapaswa kuwa na kalamu mkononi.